Alama Nyuma ya Kabati la Unga

Nyumba ya Abu Rakan ilikuwa ya magogo matupu, na watu waliopita mtaa ule wa pembezoni mwa Riyadh walipunguza mwendo wa magari ili waitazame vizuri. Majirani wote walijenga kwa tofali na saruji, wakazungushia kuta ndefu za rangi ya mchanga. Hii ilisimama peke yake kati ya mitende, kama mgeni aliyekosea mlango akaona haya kutoka. Magogo yake yalikatwa katika nchi ya baridi ambako Abu Rakan alisomea ujanani. Yalisafiri kwa meli hadi bandari ya Jeddah, yakapandishwa malori na kuvuka jangwa, kila gogo na namba yake ya wino mwekundu. Alimjengea mama yake, Mama Munira, aliyekuwa na kifua kibovu, na ambaye hewa kavu ya Riyadh ilimtoa damu puani.

Kwa sababu ya kifua hicho, juu ya paa zilifungwa mashine mbili za sahrawi, zile zinazovuta upepo wa nje na kuupitisha kwenye nyasi zilizoloweshwa maji. Upepo uliingia ndani ukiwa baridi na wenye unyevu, na kikongwe akalala bila kukohoa. Kazi ya kuhakikisha matangi ya mashine hizo hayakauki ilikuwa ya Nyambura.

Nyambura alifika mwaka ule ule nyumba ilipokamilika. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na begi lake mkononi, akashindwa kuingia. Harufu ya mbao ilimpiga usoni. Alikuwa mtoto wa Elburgon, na baba yake alifanya kazi ya kupasua mbao tangu kabla yeye hajazaliwa. Walikaa kwenye nyumba ya mbao, wakalala juu ya kitanda cha mbao, wakaota moto wa vumbi la mbao. Viwanda vilipofungwa, baba yake akakosa kazi na Nyambura akaacha shule akiwa darasa la tano. Hakurudi tena. Alikuwa msichana wa kuongea akitazama sakafu. Hata alipoulizwa jina lake, mtu alilazimika kusogeza sikio.

Lakini mbao alizijua. Baba yake alimfundisha kwamba nyumba ya mti mbichi hukaa chini polepole, kama kuku anayeatamia mayai. Mti unakauka, unasinyaa, ukuta unashuka. "Usiifunge mpaka imalize kukaa," alikuwa akisema. Na ili kujua kama imemaliza, unaweka alama.

Basi Nyambura akaweka alama. Katika kona ya jiko, nyuma ya kabati la unga, bomba la chuma lilitoka kwenye saruji ya sakafu likapanda hadi darini. Chuma hakisinyai. Akapanda kigoda, akakwaruza bomba kwa kisu karibu na dari, kisha kwa penseli akachora mstari juu ya gogo, sambamba na ule mkwaruzo. Kila mwisho wa mwezi alipanda tena, akachora mstari mpya. Mwaka wa kwanza mistari ilipanda juu ya gogo kama ngazi ndogo, kwa kuwa gogo lilikuwa likishuka na mkwaruzo haukusogea. Mwaka wa pili ikakaribiana. Kisha, mwezi mmoja, mstari mpya ukaangukia juu ya ule wa zamani. Mwezi uliofuata vivyo hivyo. Pembeni aliandika tarehe kwa herufi zake kubwa za darasa la tano. Hakumwonyesha mtu. Ilikuwa njia yake ya kumkumbuka baba, aliyefariki akiwa yeye ameshapanda ndege.

Mwaka wa nne, madam Abeer, mke wa Abu Rakan, akataka jiko jipya. Lile la zamani, alisema, lilikuwa jiko la wawindaji. Alitaka makabati meupe kutoka sakafuni hadi darini, jiwe la kijivu ukutani nyuma ya jiko la gesi, na bomba pana la kutoa moshi. Alitaka liwe tayari kabla ya Ramadhani. Kampuni ya makabati ikamtuma Wambua.

Wambua alikuwa Mkamba wa Wamunyu, mtu wa mabega na maneno. Alianza katika kampuni ile akibeba mbao mgongoni, na baada ya miaka sita ndio kwanza amekabidhiwa kazi yake mwenyewe ya kusimamia. Hii ndiyo ilikuwa ya kwanza.

Siku tatu nzima nyumba ilimtesa. Aliweka pima maji ukutani, akaiondoa, akaiweka tena, akashika kiuno.

"Huu ukuta ni tumbo la mjamzito," alisema. "Kabati langu limenyooka, ukuta umebeba mtoto. Sasa hawa wawili nitawaoanisha vipi?"

Damaris, mpishi wa nyumba, mama wa makamo kutoka Vihiga, alikuwa akimenya vitunguu kwenye meza waliyoihamishia barazani. "Si uwaletee mchungaji," alisema.

"Mchungaji mwenyewe atakimbia, mama."

Ilibidi achore umbo la kila gogo kwenye karatasi ngumu, alikate, kisha achonge mgongo wa kila kabati ufuate mabonde na milima ya ukuta. Nyaya za umeme zilipita katikati ya magogo, ndani ya matundu yaliyotobolewa siku nyumba inapangwa. Kuongeza tundu moja la plagi kulimla asubuhi nzima. Alipotoboa gogo kwa ajili ya bomba la maji, utomvu ukatoka, ukaganda kwenye keekee. Wambua akaulamba mkono, akatema. "Mti umekufa miaka minne na bado unalia," alisema, na safari hii hakucheka.

Lakini shida kubwa ilikuwa juu, chini ya dari. Wambua alijua kazi yake. Katika nyumba ya magogo kabati halifikishwi darini. Unaacha mwanya wa vidole vinne, unaufunika kwa ubao mwembamba, na skrubu unazipitisha kwenye matundu marefu ili ukuta ukishuka ziteleze nao. Alimweleza madam Abeer kwa Kiarabu chake cha kazini.

Madam alitazama ule mwanya kwenye mchoro. "Vumbi litaingia. Mende watalala hapo. Mwanya mafi, hakuna. Nataka lifike juu."

"Madam, nyumba inashuka."

"Nyumba ina miaka minne. Bado inashuka? Inakwenda wapi?"

Madam alipoondoka, Wambua alikaa juu ya sanduku la vifaa akajishika kichwa. "Nikiacha mwanya, atapiga simu ofisini aseme mimi sisikii. Nisipouacha na nyumba ikashuka, ndio kwisha habari yangu. Laiti ningejua tu imemaliza kukaa ama bado."

Nyambura alikuwa akipita na ndoo ya maji ya sahrawi. Akasimama. Alitazama sakafu.

"Imemaliza," alisema.

"Umesemaje, dada?"

"Nyumba. Imemaliza kukaa."

Damaris akageuka na kisu mkononi. "Kumbe huyu huongea!"

Nyambura akaweka ndoo chini. Alimpeleka Wambua kwenye kona, wakasukuma kabati la unga, akamwonyesha. Wambua alipanda kigoda akawasha tochi ya simu. Kidole chake kikapanda mstari hadi mstari.

"Hii ni tarehe?"

"Ndiyo."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Angalia hapo juu. Miezi ishirini haijasogea hata unywele."

Wambua akashuka. Alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa amekunywa chai yake siku tatu. "Nani alikufundisha hii kitu?"

"Baba. Alikuwa mtu wa mbao. Elburgon."

"Aki baba yako alikuwa fundi. Na wewe ni fundi." Akacheka kwa furaha, akapiga gogo kwa kiganja. "Umeniokoa, dada. Nafunga mpaka juu, na madam alale salama."

Nyambura aliinua ndoo yake akatoka nje. Alikuwa hajasifiwa tangu siku baba yake alipomshika bega uwanja wa ndege. Alijaza tangi la sahrawi hadi likamwagika, akabaki ameshika mpira wa maji, akitabasamu peke yake juani.

Wiki hiyo hiyo vumbi la msumeno likamrudishia Mama Munira kikohozi, ikaamuliwa akakae Jeddah kwa binti yake mpaka kazi iishe. Nyambura akaenda naye.

Nyumba ya binti huyo, mtaa wa Al-Safa, ilikuwa ghorofa ya tatu, na hewa ya Jeddah ilikuwa nzito, yenye chumvi, ya kugusika. Nguo zilizofuliwa zilikataa kukauka. Mama Munira alipumua vizuri huko, akasahau hata kipuliza dawa chake. Mwezi mmoja ukawa miwili, miwili ikawa minne. Kutoka Riyadh, Damaris alituma picha za jiko jipya: jeupe, refu, limefika darini bila mwanya wa kupitisha hata karatasi. Nyambura aliziangalia kila siku.

Kitu kimoja tu kilimsumbua pale Jeddah, nacho kilikuwa kidogo. Mlango wa chumba cha Mama Munira, mlango wa mbao wa zamani, ulikuwa ukikwama. Ilimbidi ausukume kwa bega. Dereva wa nyumba alisema miezi ya ukavu hufunguka wenyewe, lakini unyevu ukizidi unavimba kama andazi. Nyambura aliitikia, akaendelea kuusukuma.

Sauti ya Damaris iliingia kwenye simu siku moja baada ya swala ya alasiri. Haikuwa na utani.

"Nyambura, sikiliza. Hili jiko limeharibika. Ilianza kulia wiki iliyopita, kwaa, kwaa, kama mtu anavunja kuni. Mimi nikasema ni panya. Leo asubuhi jiwe la nyuma ya jiko limepasuka kutoka juu mpaka chini. Milango ya kabati haifunguki, ile bomba ya moshi imejikunja. Madam amepiga kelele mpaka sauti imemwisha. Wameita Wambua. Bosi amemwambia ni mwongo, hajui kazi, na ofisi yake imesema keshokutwa anafanyiwa exit, arudi Kenya. Nimemuuliza Wambua, si useme ni nani alikupa kipimo? Ameniambia, mama, kipimo nilipima mwenyewe. Hakukutaja. Kwa hivyo wewe nyamaza. Umesikia? Nyamaza tu."

Nyambura aliisikiliza mara mbili. Haikuwezekana. Miezi ishirini mistari ilikaa pale pale. Baba hakukosea. Akamwandikia Damaris neno moja moja: kuna kitu walibadilisha nyumbani?

Jibu likaja: hakuna. Halafu likaja lingine: ni zile sahrawi tu. Madam alisema zinanuka tope na mama mkwe hayuko, akazitoa, akaweka AC nyumba nzima.

Mama Munira aliita kutoka chumbani, akitaka maji ya wudhu. Nyambura akaenda, akaweka bega kwenye mlango, akasukuma. Mlango ukagoma. Akabaki pale, shavu kwenye ubao, akiusikia baridi wake na unyevu wake. Mlango uliokunywa hewa ya bahari ukanenepa.

Ndipo akaelewa, taratibu, kuanzia miguuni. Nyumba ya Riyadh haikuwa imemaliza kukaa. Ilikuwa ikinywa. Yeye ndiye aliyeinywesha, ndoo kwa ndoo, mpira wa maji mkononi kila asubuhi, na mti ukashiba ukatulia. Baba yake alifundisha alama kwa nyumba za Elburgon, kwenye mvua na ukungu, ambako hakuna mtu anayeweza kuzima mvua. Riyadh mvua ile ilikuwa kwenye tangi, na madam aliizima kwa kidole.

"Ya binti," Mama Munira aliita tena. "Mlango umekushinda?"

Aliusukuma ukafunguka. Akaweka beseni chini, lakini hakuinuka. Alikaa sakafuni kando ya miguu ya kikongwe akaanza kulia bila sauti.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama."

"Basi sema."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni na cha dawa: leta, weka, vidonge viwili, yalla, halas. Hakikuwa na maneno ya jambo kama hili. Na hata kwa lugha yake mwenyewe hakuwahi kusimama mbele ya mtu akasema kosa ni langu. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Wambua ataondoka na mdomo wake umefungwa, na yeye ataendelea kuleta maji ya wudhu. Alimfikiria Wambua kwenye kigoda, kidole kikipanda mstari hadi mstari, akiiamini.

Alisema yote. Pale neno lilipokosekana alitumia mikono, akaonyesha ukuta unavyoshuka, akaonyesha mlango. Mama Munira alisikiliza mpaka maji yakapoa.

"Huyo fundi, ni ndugu yako?"

"Hapana, Mama."

"Mchumba?"

"Hapana! Wallahi, hapana."

Kikongwe akaguna. Akanawa mikono, akanawa uso, polepole, mpaka miguu. Kisha akasema, "Mwanangu hasikii jambo kwa simu. Kwenye simu anajibu kabla hujamaliza. Kesho tutapanda ndege, na utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusemea. Nikikusemea, atadhani ni huruma ya bibi mzee."

Kesho yake adhuhuri waliingia kwenye nyumba ya magogo. Hewa ya ndani ilikuwa kavu, ikaparuza koo, na Mama Munira akaanza kukohoa kabla hajafika sebuleni. Harufu ya mbao ilikuwa imefifia. Jikoni, Abu Rakan alisimama na mikono nyuma. Madam Abeer alikuwa kando ya jiwe lililopasuka, kana kwamba analilinda. Wambua alikuwa ameitwa kuja kuchukua vifaa vyake vya mwisho. Alimwona Nyambura, akatikisa kichwa kidogo: usiseme.

"Huyu msichana ana maneno," Mama Munira alisema, akakaa kwenye kiti.

Wote wakamgeukia. Nyambura alitazama sakafu. Sakafu ilikuwa mpya, inang'aa, na ndani yake aliona kivuli cha uso wake. Akainua kichwa.

"Wambua hana kosa," alisema kwa Kiarabu chake. "Mimi nilimwambia nyumba halas. Aliuliza, nimesema halas, haishuki tena."

"Wewe?" Abu Rakan alisema. "Wewe unajua nini habari ya nyumba?"

"Niliweka alama. Iko huku nyuma."

Abu Rakan akamtazama Wambua. Wambua alisita, kisha akatoa bisibisi. Ubao wa mwisho wa kabati ulikuwa umebanwa sana, skrubu zilipinda, ilibidi autoe kwa nyundo na patasi. Ulipong'oka, kona ikaonekana: bomba, mkwaruzo, na mistari ya penseli. Mistari ya miezi ishirini ilikuwa bado imelaliana, nyeusi kama mmoja. Lakini haikuwa tena sambamba na mkwaruzo. Ilikuwa chini yake vidole viwili kamili.

Abu Rakan alisogea, akavaa miwani. Alisoma tarehe zile kutoka ya kwanza, midomo ikicheza.

"Nani alikwambia uandike kwenye ukuta wangu?"

"Baba yangu."

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

Aligusa mistari iliyolaliana. "Na hapa? Kwa nini ilisimama muda mrefu hivi, halafu ikashuka?"

"Maji," alisema Nyambura, akaonyesha juu, kwenye paa. "Sahrawi. Mimi najaza maji kila siku, mti unakunywa, unatulia. Sahrawi ikitoka, mti unakauka. Mimi sikujua. Nilidhani mti umemaliza."

"Yaani kosa ni langu," madam Abeer alisema kwa sauti nyembamba. "Kwa kuweka AC."

"Hapana, madam. Hukuambiwa. Mimi ndiye nilikuwa najaza maji, na mimi nilisema halas. Ni langu."

Mama Munira alikohoa kwenye kitambaa. Gogo moja juu ya dirisha likalia, kwaa, na wote wakalitazama.

"Miaka sita," Abu Rakan alimwambia Wambua hatimaye, "na unaamini penseli ya khadama, mtumishi wa ndani?"

Wambua alinyoosha mgongo. "Bosi, nilitazama alama zake. Zilikuwa sawa. Hata leo ningeziamini. Kilichobadilika ni hewa."

"Na kwa nini hukuniambia jana kwamba ni yeye?"

"Kwa sababu mkono uliofunga skrubu ni wangu."

Abu Rakan alitoa simu akaenda barazani. Walimsikia akiongea na mwenye kampuni, sauti ikipanda na kushuka. Aliporudi alisema kwa ufupi: Wambua hataondoka. Atalivunja jiko hili na kulifunga upya, na mwanya wake, na atafanya hivyo siku zake za mapumziko, za Ijumaa. Sahrawi moja itarudishwa upande wa chumba cha mama.

Damaris, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akavuta pumzi, "Asante Yesu," chini kwa chini.

"Na huyu," madam Abeer alisema, bila kumtazama Nyambura, "mkataba wake unaisha Muharram. Mimi sitausaini tena."

Mama Munira akafungua mdomo. Alimtazama mwanawe, na mwanawe akatazama pembeni. Nyumba ilikuwa ya kikongwe kwa jina, lakini karatasi za wafanyakazi zilisainiwa na madam. Akaufunga mdomo, akanyoosha mkono, akaushika mkono wa Nyambura juu ya goti lake.

"Sawa, madam," Nyambura alisema. Alishangaa kwamba sauti yake ilisikika hadi upande wa pili wa jiko.

Ijumaa iliyofuata, kabla yeye na Mama Munira hawajarudi Jeddah kusubiri jiko likamilike, Nyambura aliingia jikoni kuchukua dawa zilizosahauliwa. Wambua alikuwa ameshayashusha makabati ya juu. Yalikuwa yamelala barazani na migongo yao iliyochongwa, yakiangalia angani. Ukuta ulikuwa uchi tena, na mabonde na milima yake.

"Ulikuwa unatikisa kichwa nini siku ile?" Nyambura aliuliza.

"Nilikuwa nakwambia unyamaze. Nilidhani unajua kunyamaza, ndio kazi yako." Alijaribu kucheka, kisha akaacha. "Sasa wewe utarudi nyumbani, na mimi nimebaki. Hiyo haijakaa vizuri kwangu, dada."

"Kwangu imekaa."

Wambua alipangusa vumbi mikononi, akatoa penseli nyuma ya sikio. Akasogeza kigoda hadi kwenye kona. "Nahitaji kipimo cha leo kabla sijafunga. Chora."

"Chora wewe."

"Hii kazi si yangu. Ina mwenyewe."

Alitazama penseli ile. Akaipokea. Kisha akapanda. Mbele yake ilikuwa ngazi yote ya miaka minne, na juu yake nafasi tupu ya vidole viwili ambayo hakuwepo kuijaza. Akaweka penseli kwenye gogo, sambamba na mkwaruzo wa bomba, akavuta mstari taratibu, bila kuinua mkono. Pembeni akaandika tarehe. Akafikiri kidogo, akaongeza neno ambalo baba yake hakuwahi kuhitaji kuliandika Elburgon.

Wambua aliinua tochi akasoma. "Bila maji," alisema.

"Ndiyo. Atakayekuja baada yangu ajue."

Akashuka, akamrudishia penseli, akaenda kuchukua dawa za Mama.